Mbuzi Wangu Kwenye Meza ya Amani

Mimi niliacha shule darasa la tano. Nalisema mwenyewe kwa sababu kuna watu Kitui wanapenda kulinong'ona nikipita, na sitaki wachoke bure. Niliacha darasa la tano, na leo niko na bucha Migwani na nyingine Malili, pale malori ya Mombasa yanaposimama, na dereva wa barabara ile asiyejua nyama yangu ni mgeni. Mbuzi nanunua kwa mkono wangu, Mbumbuni na kule mashariki kwenye minada ya mpakani. Nikimshika mbuzi kiuno tu najua nyama atakayotoa. Wenye digrii wanangoja mizani.

Kwa hivyo chuo kikuu ndicho kilinitafuta, si mimi nilikitafuta. Jikoni kwao walikuwa wanaletewa mbuzi waliokonda mpaka wanafunzi wakasusia chakula, na mkuu wa jikoni akanifuata hadi Migwani kama mtu anayefuata mganga. Nikakubali kumsaidia.

Siku za kupeleka nyama nilikuwa nangoja wapishi wamalize kupima, na karibu na jikoni kulikuwa na chumba chenye kibao mlangoni: vita, amani na usalama wa dunia, karibuni wote. Nikaingia. Msichana wa pale mezani akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia, "Hapana, dada. Kwani wewe umepotea?" Hakuniuliza tena.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, siwezi kukataa. Vitabu vya vita kutoka sakafuni mpaka dari. Kompyuta ambazo ukibonyeza zinakuonyesha nani anapigana na nani, na bunduki zilitoka wapi. Filamu. Kila Alhamisi kulikuwa na mgeni wa kuhutubia, mara mwanajeshi mstaafu, mara mtu aliyelinda amani nchi za watu. Nilikuwa nakaa mbele. Mwanajeshi mmoja alieleza nusu saa jinsi jeshi linavyolishwa, nami nikamuuliza swali moja tu: nani alikuwa anachinja? Akanywa maji.

Wanafunzi walikuwa na mchezo wao wa kujifanya baraza la dunia. Kila mmoja na kibendera chake, suti za kuazima, Kiingereza kimejaa mdomo. Msichana mmoja mwembamba, hata debe la maji hawezi kubeba, alikuwa taifa kubwa. Akiinua mkono kukataa, vita vya nchi nzima vinaendelea, halafu anakwenda kunywa chai. Ule mchezo niliupenda. Niliona ni kweli tupu.

Na ukutani kulikuwa na ramani kubwa yenye pini nyekundu, kila pini vita. Nchi ambazo sijui hata wanakula nini zilikuwa zimejaa pini kama surua. Lakini upande wetu wa mashariki, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwenye kile chumba, ramani ilikuwa safi. Siku moja nilichukua pini kwenye kikopo nikaichoma hapo.

Mwalimu aliyesimamia chumba, mama mmoja ambaye kila mtu alimwita daktari, alitoka mbio ofisini mwake. Hakuwa mtu wa kwetu. Aliniuliza kwa upole hiyo pini ni ya nini.

"Ndugu yangu yuko hapo," nikasema. "Mahali fulani chini ya hiyo pini."

Akanieleza kwamba ile haihesabiwi kuwa vita, inaitwa mgogoro wa rasilimali. Nikamwambia aliyekufa hakuelezwa. Akavuta kiti akaniomba niketi. Hapo ndipo yote yalianzia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nyumbani kwa mama yangu ni kule mwisho wa mashariki, ambako mashamba yanaishia na malisho yanaanza. Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya, wafugaji wa ngamia walivuka kutoka upande wao wakaja mtoni kwetu, mahali tunapochimba mchanga kupata maji. Watu wakapigana. Wao walikufa, sisi tulikufa. Ndugu yangu mdogo, aliyebaki nyumbani na ng'ombe wa mama wakati mimi najitafutia riziki, alitoka asubuhi na ng'ombe hakurudi. Ng'ombe walirudi.

Tangu hapo mama alitaka kitu kimoja: aambiwe mwanawe amelala wapi, amlete azikwe nyumbani. Na alikuwa na silaha moja, ile sisi Wakamba tunaiita kiumo, laana ya mzazi. Alikuwa ameshaapa kwamba siku atakayomwona uso aliyemuua mwanawe, ataisema. Usicheke. Watu wa upande ule pia walikuwa wanaijua, na walikuwa wanaiogopa kuliko polisi.

Daktari akasema chuo kitaleta pande zote mbili, wakae ukumbini, waulizane, wanafunzi wasikilize wajifunze. Alitumia watu wa msikiti na chifu mpaka akampata mzee aliyeongoza ngamia mwaka ule. Na mzee akakubali kuja. Mama nilimleta mimi kwa pikapu yangu. Nani mwingine angemleta? Mkalimani pia nilikuwa mimi, kwa sababu katika chuo kizima chenye vitabu vile vyote, mtu aliyejua Kikamba cha mama na lugha ya yule mzee alikuwa muuza nyama. Lugha yao nilijifunza mnadani, nikibishania bei, na ukijifunza lugha hivyo huibiwi.

Sasa sikiliza kosa. Kwetu, watu walio na damu katikati yao hawali pamoja. Damu ikishakaa, hamgusi sahani moja mpaka maneno yote yamesemwa, kila mmoja amedai alichokuwa anadai. Chakula ni cha mwisho. Mkishakula, kesi imekufa: hakuna kuuliza tena, hakuna kudai, hakuna kiumo. Wale wafugaji wa upande wa pili wameishi na sisi miaka mingi na wanajua hivyo hivyo. Daktari alikuwa amesoma mahali kwamba kula pamoja kwetu ni amani, na amani ndiyo alikuwa anaitafuta. Akaweka chakula mwanzo wa programu, ati watu wachangamke.

Mimi niliiona ile programu na sikusema neno. Mbuzi alikuwa wangu, amechinjwa na Mwislamu wangu wa bucha ili mzee asipate sababu ya kukataa, na mbuzi wa kuchoma ukimngojesha anakuwa kamba.

Wakawaweka meza moja mbele ya ukumbi, mama upande huu, mzee upande ule, mimi katikati. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kule nyuma na sahani zao, wanacheka. Daktari alikuwa anahangaika na mikrofoni. Sahani ya nyama ikaja ikawekwa katikati yetu, moja, ya wote. Mama akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, na mikono yake akaiweka chini ya meza.

Mzee naye hakugusa. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake safi. Alitazama mikono ya mama ilikoenda, na akaelewa kwamba wenye chuo hawakuelewa. Nikaona ameinama kidogo upande wangu.

"Mwambie mama huyu hivi," akasema. "Nikiulizwa kabla ya chakula, sitajibu. Nina watoto wengine, na mdomo wake naujua. Akila na mimi, nitamwambia yote, hapa hapa. Wangu mmoja pia hakurudi mwaka ule. Nikila, na mimi simuulizi mtu. Iishe."

Nikamwambia mama. Sikupunguza na sikuongeza. Watu wananiambia ningemlainishia, mimi nawauliza, ningelainisha nini?

Mama aliiangalia tena ile sahani. Kile kiumo alikuwa amekibeba muda mrefu kuliko alivyotubeba tumboni sisi wote. Alipika nacho, akalala nacho, akikwenda kanisani alikuwa anakiacha mlangoni na akitoka anakichukua. Sasa alikuwa anaambiwa akibadilishe na habari. Aliniuliza kama naona mzee ni mwongo. Nikamwambia biashara yote ya mpakani nimefanya na watu wa kabila lake, wanabana bei kufa, lakini wakishasema wamesema.

Akatoa mkono chini ya meza, akachukua kipande, akatafuna. Mzee akachukua chake. Walitafuna wakiangaliana. Kule nyuma msichana mmoja akatupiga picha.

"Haya," mama akasema. "Yuko wapi?"

Mzee akajibu kwamba alianguka mtoni, pale kona yenye miti ya miiba, na wao walikuwa wanakimbia, hawakumzika. Waliporudi baada ya siku kadhaa kutafuta wa kwao, fisi walikuwa wameshapita.

"Walibakisha nini?"

"Hakuna."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama alimeza kile kipande alichokuwa nacho mdomoni, na niliona shingo yake ikifanya kazi, maana alikuwa na meno machache na nyama ilikuwa ya kuchoma. Kisha akauliza kama alikufa mara moja.

"Hapana," mzee akasema.

"Aliomba maji?"

"Aliomba."

"Mlimpa?"

Mzee akaangalia jagi lililokuwa mezani, maji ya chuo, baridi, yana vipande vya limau ndani. "Mwambie hatukuwa na maji. Kama tungekuwa na maji hatungekuja."

Nikamwambia. Mama akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu ametajiwa bei na ameona ni bei ya kweli. Akachukua kipande kingine. Ndiyo, alikula. Alikula mpaka upande wake wa sahani ukabaki mifupa, na mzee naye hivyo hivyo.

Daktari akapata mikrofoni yake. Akafungua kikao, akaeleza wanafunzi kwamba leo wataona kwa macho yale wanayosoma vitabuni, akamkaribisha mama aseme uchungu wake na aulize maswali yake bila woga. Mama akasimama. Akasema, "Tumekula. Sina swali." Akaketi. Mzee naye akasimama akasema yeye pia amekula, hana swali. Nikatafsiri zote mbili kwa sauti ya bucha, ukumbi mzima ukasikia.

Daktari aligeuza karatasi zake mbele na nyuma, maana saa nzima ilikuwa imepangiwa yale maswali. Halafu mwanafunzi mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakasimama kabisa, wengine wanafuta macho. Walidhani wameona msamaha. Ile picha ya mama na mzee wakitafuna ikatengenezwa kubwa ikatundikwa kwenye kile chumba, karibu na ramani, na wageni wa Alhamisi walikuwa wakionyeshwa. Daktari aliandika juu yake mpaka akaalikwa ng'ambo kuisimulia. Aliponiuliza walisemezana nini pale mezani, nilimwambia walisifu nyama.

Wote wawili sasa wameshazikwa, mama shambani kwenye mahindi yake na mzee kule kwao. Kwa hivyo naandika na hili la mwisho.

Tulipoondoka, mama alikuwa mbele kwa pikapu, mkoba wake magotini. Nilikuwa najisikia. Nilimwambia, unaona, mwaitu, mama yangu, serikali ilishindwa, chifu alishindwa, kanisa lilishindwa, mimi nimekuletea jibu kwa siku moja. Akasema nimemletea fisi. Akasema sasa hata kulaani hawezi, hata moyoni, mdomo wake umefungwa na nyama ya mwanawe mwingine. Alisema bila kulia. Nikaendesha.

Kabla ya lango la chuo akasema, "Wa kwake yuko kwa kisima."

Nikadhani amechoka. Nikamuuliza wa nani.

"Wa yule mzee. Kijana wake. Yuko kwa kile kisima cha zamani kule juu, kile tulichojaza mawe. Wewe ulidhani tulikijaza kwa nini, mwaka wa kiangazi, watu wanatafuta maji?"

Nilipunguza mwendo. Mimi ambaye mbuzi hawezi kupotea mpakani bila mimi kuambiwa ni nani amemla, hilo sikuwa nimelijua. Nikamuuliza aliambiwa na nani.

"Kuambiwa?" akasema. "Mawe nilibeba mimi pia. Bado alikuwa anaita."

Nikazima gari. Mzee alikuwa amesimama pale pale langoni, kwenye kivuli cha ukuta, anangoja basi la chuo limrudishe. Angetusikia kama tungeshusha kioo. Nikamwambia mama, mtu yule amekuambia yote, hata ambalo hukutaka kusikia, hata la maji.

"Nilimuuliza," mama akasema. "Yeye amekula, hawezi kuuliza. Angeuliza kabla, ningemwambia. Washa gari."

Nikawasha. Tulipompita mzee akatuona, akainua mkono wake kutuaga kwa heshima. Mama akainua wake, akaushikilia hapo juu mpaka tukakata kona.