Kalenda ya Wafalme Chooni

Kwetu Kenya picha ya rais hutundikwa mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajakaribishwa kiti. Katika nyumba ya Waholanzi nilimofanya kazi, pale Naguru, huku Buganda, wafalme walitundikwa chooni. Siku ya kwanza niliyoingia kusafisha choo nilikuta mwanamume mwenye ndevu na kola ya marinda ananitazama kutoka ukutani, nikatoka mbio na fagio mkononi. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Mama, alicheka sana. Akanieleza, kwa Kiswahili chake safi alichojifunzia Tanzania, kwamba ile ni kalenda ya siku za kuzaliwa. Kwao karibu kila nyumba inayo, na mahali pake ni chooni, kwa sababu hapo ndipo mtu hukaa kila siku akasoma bila haraka.

Kalenda haikuwa na mwaka wala Jumatatu. Ilikuwa na tarehe tupu, itumike mpaka ichakae, na kila mwezi ulikuwa na mtawala wake kutoka ukoo mmoja. Mama alikuwa mwalimu wa historia na alikuwa anaandika kitabu kuhusu koo za kifalme za Ulaya. Mimi nikipiga deki, yeye husimama mlangoni na kikombe cha kahawa, ananifundisha bila kuombwa. Yule wa kola alipigwa risasi kwenye ngazi za nyumba yake. Mwingine alivuka bahari akawa mfalme wa Uingereza, akafa bila mtoto, na jina la ukoo likamwendea jamaa wa mbali. Baadaye wakaja malkia watatu mfululizo, mama, binti na mjukuu, na kila mmoja aliondoka kwenye kiti angali hai, akatia sahihi, akarudi kuitwa binti mfalme kama alivyokuwa akiitwa msichana. Mimi nimepanga Kasubi, jirani na makaburi ya wafalme wa Buganda, ambako mtu huvua viatu kabla ya kuingia. Nilimwambia Mama kwamba majirani zangu wakijua mahali alipowaweka wafalme wake, watamhurumia. Alicheka hadi akamwaga kahawa, nami nikapiga deki upya.

Hizo zilikuwa siku zangu nzuri. Kwa miaka minne jikoni palikuwa pangu, na masikio ya kusikiliza historia yalikuwa yangu peke yangu.

Kisha akaja mwanamke wa Bukavu, mkimbizi, kulea mtoto. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi, mpole, na sauti yake ya kuimba ilimlaza mtoto kabla sijamaliza kumenya viazi. Aliniita yaya, maana kwao yaya ni dada mkubwa. Mimi niliona ananivisha kazi yake, kwa sababu kwetu yaya ndiye mlezi wa watoto. Kila alichofanya kilinikera. Mama alianza kusimama na kikombe chake kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Niliwasikia wakicheka huku nakata vitunguu, na nisingesema ni vitunguu tu vilivyoniliza.

Alikuwa amefanya kazi miezi saba nilipofunua mwezi wa nane na kuliona jina lake. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa Mama, kati ya mjomba wa Mama na mbwa wa dada yake. Ndiyo, mbwa. Nilifunua miezi yote kumi na miwili, nikiwa nimesimama na brashi ya choo mkononi, nikijitafuta. Sikuwemo.

Lazima niseme ukweli hapa. Mwaka wangu wa kwanza Mama aliniuliza nilizaliwa lini. Nilidhani anapima umri wangu ili atafute msichana mwenye nguvu zaidi, nikamjibu kwamba kwetu siku hizo hatuzihesabu. Aliitikia kwa heshima na hakuuliza tena. Kwa hiyo aliyeniacha nje ni mimi mwenyewe. Lakini wivu hausikilizi maelezo. Ningeweza kumwambia Mama tarehe yangu siku ile ile, sentensi moja tu, na kiburi kikanizuia. Niombe kuandikwa chini ya mbwa?

Wiki hiyo hiyo Mama alinieleza habari ya mwana wa mfalme aliyeoa bila ruhusa ya bunge. Niliuliza walimfanya nini.

“Hakuna kitu,” akasema. “Hawakumfunga, hawakumfukuza. Alitoka tu kwenye orodha ya kurithi.”

“Basi?”

“Basi. Kwa familia kama hiyo, orodha ndiyo kila kitu.”

Kesho yake nilichukua raba ya kufutia penseli kwenye mkoba wa mtoto, nikaingia chooni, nikafunga mlango. Nilifuta taratibu, nikapuliza vumbi lake, nikafuta tena. Mbwa nilimwacha. Nilipotoka nilijisikia mwepesi, na mchana nikapika vizuri kuliko siku nyingi.

Nilijua watakavyosahau. Waholanzi wale hawakuweka tarehe yoyote kichwani, kazi hiyo walikuwa wameiachia kalenda. Nilijua pia sherehe yao inavyokwenda, kwa sababu nilishaipikia kahawa mara nyingi. Mwenye siku ndiye anayeleta keki, wala hajitangazi, anangoja wenzake wamwanze. Viti hupangwa duara. Kila anayeingia humpa mkono mwenye siku, halafu huzunguka duara lote akiwapongeza ndugu zake pia: hongera kwa binti yako, hongera kwa dada yako. Mara ya kwanza nilidhani wanakosea, kumpongeza mtu kwa siku ya mwenzake.

Siku ilipofika, mwanamke wa Bukavu alikuja amesuka upya, amevaa kitenge ambacho sikuwahi kukiona. Askari wa geti, Mganda ambaye l na r kwake ni moja, alimpigia makofi.

“Eee! Reo iko halusi?”

Yeye akatabasamu tu. Alikuwa na boksi la keki alilonunua njiani, Nakawa, akaliingiza kwenye friji nyuma ya maziwa akidhani sioni. Mama akaenda chooni kama kila asubuhi, akatoka, akauliza kama mtoto amekula, akaondoka na mumewe kazini. Nilitazama uso wa yule mwanamke. Alimfunga mtoto viatu, akafungua, akafunga tena.

Nilikuwa nimetaka kuona hivyo. Nilipoona, sikuonja raha yoyote.

Saa kumi Mama alirudi, akapita hadi mezani kwake, akafungua vitabu. Nikachungulia veranda ya nyuma. Mwanamke wa Bukavu alikuwa ametoa viti vinne na kuvipanga duara, kile kidogo cha mtoto kikiwa katikati ya viwili vya wakubwa. Alikaa kwenye kimoja, mikono mapajani, kitenge amekinyoosha vizuri. Alikaa kitambo. Halafu akainuka, akaanza kuvirudisha ukutani kimoja kimoja, bila kuviburuza, asisumbue.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilikishika kiti cha mwisho kabla hajakiinua, nikamwambia, “Hongera kwa siku yako.”

Alinitazama. “Yaya, nani alikuambia?”

“Nilikumbuka tu.”

Alilia kwa namna ya mtu aliyejizuia tangu asubuhi. Akanieleza kwamba tangu mama yake auawe hakuna aliyewahi kumtajia siku hiyo. Kwenye ofisi za wakimbizi yeye ni namba. “Mama alipoandika jina yangu pale, niliwaza sasa niko mutu wa nyumba fulani. Nilipoona hakuna anasema kitu, nilienda kuangalia. Balishanifuta, yaya. Sijui nilimukosea Mama nini.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikiungama, angeondoka pale veranda bila hata mtu mmoja. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na mpaka leo najua nilikuwa naogopa kupoteza kazi.

Alipangusa uso, akaleta keki, akanikatia kipande cha kwanza, kikubwa. “Wewe peke yako ulinikumbuka,” akasema.

Kisha akasimama rasmi mbele yangu, kama alivyowaona Waholanzi wakifanya, akatazama vile viti vitatu vitupu ukutani, akaninyooshea mkono.

“Na wewe hongera, yaya,” akasema, “kwa siku ya mudogo wako.”

Nikampa mkono, ule ule niliofutia.