Mkia Uliobaki Mkononi mwa Dobi

Asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, Mzee Pasi ananyoosha kitambaa ambacho hakuna atakayekivaa. Ni kipande cha shuka jeupe lililochakaa. Anakinyunyizia maji, anakipiga pasi upande mmoja, anakigeuza, anarudia mpaka mvuke unakoma. Halafu anakibeba kwa viganja viwili, kama mtu anayepeleka uji wa mgonjwa, hadi kwenye kizimba cha waya kilicho chini ya dirisha.

"Suruali za watu zinasubiri," mkewe anamkumbusha, mikono imo ndani ya beseni la kufulia.

"Suruali hazina kidonda, mama watoto."

Kizimbani yumo iguana, mjusi mkubwa wa kijani. Zamani mkia wake ulikuwa mrefu kuliko mwili. Sasa umebaki kigutu kisichozidi kiganja cha mtu. Jina lake ni Mstaafu, kwa kuwa kazi yake ni kuota jua na kutazama wengine wakitoka jasho.

Mzee Pasi amefua na kunyoosha nguo za watu tangu ujana wake. Siku njema hupata nguo thelathini. Siku ya mvua, kumi zikifika ni bahati. Kufuga mjusi hakukuwamo katika ndoto zake.

Aliyemleta ni nesi mmoja, mteja wao, alipohamishiwa kituo cha mbali. Aliomba wamhifadhie kwa wiki mbili tu, maana chumba cha kupigia pasi kina joto analolipenda mnyama huyo. Wiki zikazaa mwaka. Nesi akapiga simu kwa aibu: nyumba aliyopewa hairuhusu wanyama.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema mkewe. "Huyu jembe angelishikaje? Tukampa jina."

Na haikuwa hasara. Watoto wao wote wamekwishahama. Wawili hawa walikuwa wakishinda kutwa nzima bila neno, pasi ikiguna, maji yakidondoka. Mstaafu aliwarudishia mazungumzo.

Kisha ikaja ajali ya mwezi uliopita, na chanzo chake ni kazi yenyewe. Kwa dobi, nguo safi haigusi sakafu. Miaka yote hiyo mkono wa Mzee Pasi umezoea kudaka chochote kinachoteleza mezani, kabla akili haijajua ni nini. Siku hiyo Mstaafu alikuwa amepanda mezani kuota joto. Sufuria ikaanguka nje, akashtuka, akaruka.

"Niliona kitu kinaponyoka ukingoni, mkono ukadaka," anasimulia Mzee Pasi. "Kutazama, mjusi yuko chini ya kabati, mkia ninao mimi. Na bado unacheza!"

Mkewe anacheka sasa. Siku ile hakucheka. "Nilimkuta amesimama kama mlingoti, machozi yanamtoka. Ananiambia, 'Mama watoto, nimemkata mwenzetu.'"

Walibana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikakatika, kisha, kwa huruma, wakalizungushia bandeji nene. Daktari wa mifugo waliyemwita aliifungua bila kuwagombeza. Akaeleza kwamba mjusi wa aina hii akishikwa mkia huweza kuuachia ili aokoe roho yake. Kidonda kisifungwe. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai hafifu. Alalie kitambaa kikavu, si mchanga, na asishikwe-shikwe.

"Weusi ukianza kupanda kwenye kigutu, nileteeni mbio," aliwaambia. "Hapo itabidi tukate zaidi, na sitawaahidi kitu."

Ndiyo maana vitambaa hunyooshwa kila asubuhi. Majirani nao wamejiunga. Kuna muuza mboga ambaye kila akipita huuliza, "Kenge wako hajambo?"

"Si kenge, ni mpangaji."

"Mpangaji gani asiyelipa?" Anacheka, huku akiacha fungu la majani mabichi dirishani.

Leo Mzee Pasi anapoinama kubadilisha kitambaa, anamwita mkewe. Nchani mwa kigutu pana weusi.

Mkewe anaacha beseni. Anampigia simu daktari, ambaye anafika akiwa bado na funguo mkononi. Daktari anapiga magoti, anatazama, anagusa kwa ncha ya kidole. Anagusa tena. Pasi imesahauliwa mezani, mkewe anaichomoa.

"Pakavu. Hapajavimba, hapanuki," daktari anasema hatimaye. "Baba, hii si kuoza. Ni mkia mpya unaanza kuota. Hautakuwa mzuri kama ule, utakuwa mweusi na mfupi, lakini ni wake."

Mzee Pasi anakaa juu ya lundo la nguo chafu. "Alhamdulillahi," anasema. Mkewe anafuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vina sabuni.

Limebaki jambo moja. Tangu ajali, Mstaafu hula kwenye sahani, hula mkononi mwa mama watoto, lakini mkono wa Mzee Pasi anaukimbia.

"Simlaumu," anasema dobi. "Ameniachia mkia mzima. Nami nikimwachia muda tu wa kunizoea tena, nimempa kikubwa gani?"

Daktari akishaondoka, Mzee Pasi anaweka jani kiganjani, anauingiza mkono kizimbani na kutulia. Mstaafu anasogea. Anatoa ulimi, anauonja mkono. Anaweka mguu mmoja juu ya kidole cha dobi, anaukaza hapo. Kisha anaushusha, anarudi kwenye jua.

"Umeona?" Mzee Pasi ananong'ona. "Mguu mzima, mama watoto!"

"Nimeona. Na suruali?"

Analiacha jani juu ya kitambaa cheupe, anachomeka pasi tena. Ikianza kupata moto, anachana kipande kingine cha shuka, anakikunja na kukiweka pembeni, kwa ajili ya kesho.