Safari ya Watu Wawili Niliyokwenda Peke Yangu

Kosa langu lilikuwa kushinda. Ilikuwa sherehe ya mwisho wa mwaka ya ghala tulilokuwa tukifungia maboksi huko Jeffersontown, nje kidogo ya Louisville. Meneja alichomoa namba yangu kwenye ndoo, akaisoma, akairudia, na hakuna aliyesimama, kwa sababu mwenye namba alikuwa ameinama anafunga mapaja ya kuku kwenye karatasi ya aluminiamu ayapeleke nyumbani. Zawadi ya mwaka ule ilikuwa safari ya Florence, Italia. Ndege, hoteli na chakula kimoja cha jioni kwenye mgahawa wa maana, vyote kwa watu wawili.

Hapo kwenye "wawili" ndipo vita ilipoanzia. Kabla sijatoka maegeshoni, kaka yangu wa Buffalo alikuwa ameshapiga simu kusema kiti cha pili ni chake, maana yeye ndiye anayechimba theluji mpaka mgongo unataka kukatika, wakati sisi wa kusini tunaota jua. Dada yangu mkubwa wa Columbus hata hakuomba. Aliuliza tu huko tunakokwenda kuna baridi kiasi gani, ajue achukue sweta lipi. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kwaya, mama ambaye hajawahi kunisogezea hata kiti, akaanza kunibebea mkoba wa Biblia.

Nikawaambia wote: nakwenda peke yangu.

Jamani, mngesikia kelele! Lakini nieleweni. Nilizaliwa kambini Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi, kwenye chumba kimoja cha matofali ya udongo. Mimi ni mtoto wa kati, basi nililala katikati, mguu wa huyu tumboni, kiwiko cha yule puani. Louisville tukapewa nyumba kule Iroquois, na humo nina watoto wanne, na kwenye sofa hapakosi mgeni anayesubiri nyumba yake. Hata nikiingia bafuni kuna mtu nje ya mlango ananisimulia habari. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, na sijawahi kushinda siku moja nzima nikiamua mwenyewe niketi saa ngapi na niondoke saa ngapi. Niliitaka siku hiyo. Moja tu, nisiulizwe kitu, nisimgawie mtu kitu.

"Mtu anayesafiri peke yake," dada akasema, "amefukuzwa na ndugu zake, au ana mwanamume huko."

"Basi sema nimefukuzwa."

Akakata simu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, alituma picha ya kiti kitupu kwenye kundi la familia. Leo cha jikoni, kesho cha kanisani, siku moja kile cha daktari wa meno. Kaka anaweka vicheko chini yake. Nikapanda ndege, na kwenye kiti cha pili nikaweka miguu.

Siku ya kwanza Florence niliilala yote. Ya pili ndiyo niliyoipania. Nilizima simu, nikaitumbukiza chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga na karanga, nikatoka.

Makumbusho ya kwanza yalikuwa yamejaa picha za Mariamu. Mariamu ukuta huu, Mariamu ukuta ule, kashika mtoto, na mtoto mwenyewe ana sura ya mzee wa kanisa aliyenyimwa chai. Mchoraji mmoja simlaumu, labda hakuwa na mtoto nyumbani. Lakini wote? Nilikaa kwenye benchi mbele ya Mariamu mmoja mwenye macho ya kuchoka, nikakaa, nikakaa. Hakuna aliyesema "twende." Hakuna aliyesema "nina njaa." Nilitoa karanga zangu nikala zote, mlinzi akanikunjia uso, nami nikamkunjia. Nilikuwa na furaha hadi nikaona aibu.

Mchana nikaenda kwenye yale makumbusho yenye sanamu ya yule kijana mchunga kondoo, aliyemwangusha jitu kwa kombeo. Shule ya Jumapili nimefundisha habari zake miaka nenda rudi, na kila nilipomchora ubaoni nilimvika kanzu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikageuka kwenye ukumbi, nikamkuta amesimama mrefu kama nyumba, mweupe pe, hana hata kitambaa.

"Mama yangu weee!" nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, maana nilijua hapa hakuna wa kunielewa. Nikamzunguka taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Nikarudi mbele. "Na tena mtoto wa Kiyahudi mzima, hajatahiriwa!"

Kwenye kona mtu akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mlinzi, baba wa makamo, suti nyeusi, kadi shingoni.

"Mama, ile maneno miye najiulizaka kila siku!" akasema. Mkongo, tena wa Kivu. Nikajua nimekwisha.

Kwa mtu wa kwetu hatua ya pili inajulikana. Wa wapi, kambi gani, kanisa gani, uko na nani?

"Niko peke yangu, baba."

"Pekee? Hapana. Bon, leo unakuja kwetu. Bibi yangu anapika sombe na fufu. Haiwezekani mutu wetu akule mu restaurant sawa yatima." Na mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta simu amwambie mkewe aongeze maji kwenye sufuria.

Nilikiona hicho kisamvu na ugali, nikamwona mkewe nisiyemjua, nikawaona na watoto wanaoitwa mmoja mmoja waje kunisalimia, na majirani, na maombi, na video ya harusi ya mtu. Siku yangu ilikuwa inaondoka hivi hivi naiangalia. Na huwezi kumwambia mtu wetu sitaki chakula chako. Hasira yake atakufa nayo. Kipo kisingizio kimoja tu kisichobishiwa na Mkristo yeyote kutoka Maziwa Makuu, na kikanitoka chenyewe.

"Baba, nimefunga. Niko kwenye maombi."

Akaiacha simu mfukoni. Akavua hata kofia. "Kufunga mu safari! Mama, Mungu akuone." Nikamwambia amina, nikala kona.

Jioni nikaenda na cheti changu cha zawadi kwenye ule mgahawa wa maana, meza ya nje, kitambaa cheupe. Mhudumu akainua vidole viwili. Nikainua kimoja. Akaondoa sahani ya pili na uma wake, ananiangalia kama mfiwa. Kiti akakiacha. Nikala tambi, nikazimaliza, nikafuta mdomo nikidhani tumemaliza, kumbe ule ulikuwa mwanzo. Kwenye orodha nikaonyesha nyama ya ng'ombe. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole sana, kwamba nyama ile huagizwa na watu wawili.

"Leta," nikasema. Hata hapa wawili?

Ikaja pande zima na mfupa wake, nje imeungua, ndani nyekundu inachuruzika damu. Nikamwomba airudishe ikaive. Akaweka mkono kifuani kana kwamba nimemtukania mama. Ilirudi imesinyaa kidogo lakini bado inalia damu. Nikairudisha tena. Nilisikia mtu anapiga kelele jikoni kwa Kitaliano, na siku ile nilikuwa na moyo wa kupambana naye. Hatimaye ikaja nyeusi kama ninavyoijua nyama, na ilikuwa tamu. Tamu kweli! Nilikuwa nakula kipande cha pembeni mwa mfupa, kile ambacho nyumbani sijawahi kukionja kwa sababu kina mwenyewe. Nikawasha simu niipige picha.

"Mama? Na kufunga?"

Baba wa makumbusho. Ametoka kazini, begi begani, amesimama kando ya meza yangu. Mdomo wangu umejaa, mafuta kidevuni.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia karibu. Ni kama pumzi, huiamui. Naye aliyelelewa kambini kwetu anajibu asante, endelea, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma, kisha anapita zake. Basi mimi, niliyetoka kuwanyima ndugu zangu kiti kizima cha ndege, nikafungua kinywa hicho hicho kilichojaa nyama.

"Karibu!"

"Asante, mama," akasema, akavuta kiti, akaketi.

Nilitaka kulia. Sitanii, machozi yalikuja, nikasingizia pilipili, na mezani hapakuwa na pilipili. Akanawa mikono kwa maji ya kunywa, akamega nyama, akaanza kunieleza kambi aliyopitia shemeji yake. Na simu, niliyokuwa bado nimeishika, ikalia. Dada, tena kwa video. Kidole changu chenye mafuta kikaipokea.

Akaniangalia mimi. Akaangalia sahani. Akamwangalia baba wa watu anayetafuna.

"Ehee! Ndiyo huyo!" dada akapiga kelele, mpaka meza ya jirani ikageuka. "Ndiyo maana kiti kilibaki wazi!"

"Dada, siyo—"

"Nyamaza! Baba, wewe una mke?"

"Niko naye, dada," akajibu bila wasiwasi. "Sikia. Huyu mama anikimbiaka tangu muchana. Nilimwita kwetu kula, akasema amefunga. Sasa namukuta na ng'ombe muzima." Kisha yeye mwenyewe akasikia alichokisema. Akaacha kutafuna, akanigeukia. "Donc, mama, ulidanganya mpaka Mungu, juu ya kukula weye pekee?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuna mwanaume?" akauliza, akionyesha simu.

"Hakuna."

"Hauna kisirani na watu?"

"Sina. Nataka siku moja tu."

Akafikiri. Akachukua mkate, akaweka kipande kizuri cha nyama juu yake, akasimama, akatundika begi begani. "Na bibi yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie nimefunga."

Alicheka mpaka mwisho wa ule mtaa, nikamsikia.

Nikarudi kwenye simu nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Dada alikuwa ameegemeza kichwa. Ndipo nikaona nyuma ya kichwa chake kiti cha gari na mkanda wake.

"Uko wapi?"

"Hilliard. Nje ya kazini." Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko, pembeni mwa Columbus, zamu ya jioni.

"Saa hizi huko si mchana? Zamu si bado?"

"Bado sana."

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Nimekaa."

Nikadhani simu imekwama. Hapana, alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo.

"Shemeji yako na watoto wanadhani tunaitwa kazini mapema," akasema. "Tangu mwaka juzi. Nikifika nafunga milango, nazima redio, nakaa hivi mpaka muda wa kuingia. Wakati mwingine navua viatu."

Picha zote zile za viti! Nilitaka kumtukana, nikashindwa.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa unanipigia." Akavuta kiti chake nyuma kikalala, nikaanza kuona dari la gari na kidevu chake tu. "Kula nyama yako. Na ukate simu, unanimalizia muda."