Besi Aliyoisikia Baba

Muziki wa soul niliujulia ndani ya gari la kazi. Nilikuwa fundi wa maji, kazi ya kuzunguka mashinani kupima visima na pampu, na dereva niliyepangiwa alikuwa mwanamume wa Kithimani, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, asiyependa mazungumzo. Asubuhi alinisalimia, akauliza tunaanzia wapi, kisha akachomeka flashi yake kwenye redio ya gari. Ikishaanza kucheza, hakusema tena mpaka tufike.

Mimi nililelewa na watu waliookoka. Kwetu Kalama redio ilifunguliwa kwa habari na mahubiri. Nyimbo nyingine zote Baba aliziita nyimbo za dunia, na zikianza tu aliizima. Kwa hivyo wiki za kwanza nilizisikia za dereva kama kelele ya injini, kitu cha kuvumilia hadi mwisho wa safari.

Siku moja tulikuwa Yatta tukijaribu kisima kipya. Kazi hiyo ina kungoja kwingi: unavuta maji, unazima pampu, halafu unakaa saa nzima ukiangalia yanavyopanda tena, ukiandika kila baada ya dakika chache. Dereva alikuwa ameacha milango ya gari wazi na wimbo mmoja wa fanki ukicheza. Ulipoisha akaurudia. Alipourudia mara ya tatu nilimuuliza wimbo huo una nini cha maana hasa, maana mwimbaji alikuwa akisema maneno yaleyale tu.

"Usisikize anayeimba," akaniambia. "Sikiza huyu wa chini."

Nilisikiliza wa chini. Lilikuwa gitaa la besi, na mpigaji alikuwa akiacha nafasi mahali nilipotarajia agonge, halafu akigonga nilipokuwa nimeacha kutarajia. Nilisahau kuandika kipimo kimoja. Kile kisima ilibidi tukipime upya.

Baada ya hapo aliniwekea flashi yangu mwenyewe. Soul ilikuwa mwanzo, fanki katikati, na jazi mwisho kabisa. Ya jazi akaniambia nisiiharakishe. Nilinunua spika ndogo, ile ya kutoshea mkononi, nikawa nasikiliza nikipika, nikifua, nikipiga pasi. Nilijaribu kuwaonjesha wenzangu ofisini, wakaniomba kwa heshima niwawekee nyimbo za injili. Dada yangu alisikiliza mmoja hadi mwisho, akasema ni mzuri, na sauti yake ilinionyesha kwamba anasema hivyo kwa sababu ananipenda. Nikaacha kuwasumbua watu.

Mama alipofariki, Baba alibaki peke yake kule Kalama. Masikio yake yalikuwa yameanza kupungua, na mwaka uliofuata yalipungua zaidi. Daktari alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizoondoka, zile nene bado zipo. Maana yake ni kwamba aliwasikia wanaume wenzake vizuri kiasi, lakini mimi, bintiye, nilikuwa midomo inayocheza bila sauti. Kwa simu tulimalizana haraka. Ana kwa ana nilipaza sauti hadi nikaonekana nimekasirika, naye akanijibu kama mtu anayegombezwa. Kila Jumamosi nilipanda kwenda kumpikia na kumfulia, na mara nyingi nilishuka tumeambiana maneno machache sana, tena ya chumvi na sabuni.

Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni nikichambua kunde, spika iko kwenye rafu, sauti yake chini sana. Sikuogopa, kwa kuwa nilijua hasikii. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," akasema.

Aliingia, akavuta kigoda, akaniambia niishushe spika niiweke kwenye meza. Akaweka kiganja chake juu ya ubao wa meza, kando ya spika, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Huyu wa besi anajua kungoja," akasema.

Nilimuuliza, kwa sauti ya juu, amelijulia wapi neno besi. Akanijibu bila haraka, kama mtu anayeulizwa alisomea shule gani. Kabla ya kuoa alipiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli moja mjini Machakos, miaka mitatu. Walikuwa wakiiga sahani za santuri za soul na fanki kutoka ng'ambo. Kiingereza cha nyimbo zile hawakukielewa chote, na mahali pasipoeleweka mwimbaji wao alijaza Kikamba, na wachezaji hawakujali.

Nilikuwa na miaka arobaini, na jambo hilo nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza kama aliacha kwa sababu ya kuokoka. Hilo ndilo jibu nililokuwa nimejiandalia.

"Hapana. Mwenye bendi aliuza vyombo, gitaa likiwemo. Halikuwa langu. Kuokoka kulikuja baadaye."

"Sasa sisi ulitukataza kwa nini?"

Nilidhani hakusikia. Nilipoanza kurudia akainua mkono.

"Nilisikia, Mwaitu." Ameniita hivyo tangu utotoni, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Nikizisikia nilikuwa nataka kurudi. Na hakukuwa na mahali pa kurudi."

Sitasema kwamba nilimwelewa papo hapo. Nilikasirika. Nilikumbuka betri alizokuwa akizitoa kwenye redio na kuzifungia kabatini, na jinsi tulivyofundishwa kuona aibu kwa kutikisa kichwa. Nilimuuliza kama Mama alijua. Akasema Mama alikuwa akija pale hotelini Jumapili mchana na binamu zake, na aliketi kila mara upande wa besi. Hapo niliondoka nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi iliyofuata aliniuliza kama nimekuja na ile kitu. Tukaanza hivyo. Kazi zikiisha tulikaa mezani, yeye kiganja kwenye ubao, mimi na simu. Saksafoni hakuisikia kabisa, na tarumbeta alizisikia kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto. Akawa ananiuliza, "Zinafanya nini sasa huko juu?" nami namwambia: sasa ziko mbili, moja inauliza na nyingine inaikatiza. Yeye akanieleza ya chini, kwa nini yule ameruka noti hii, kwa nini mpiga ngoma amemfuata. Ile jazi iliyokuwa imenishinda niliielewa kupitia kwake. Katika jazi, alisema, besi inatembea, na wewe tembea nayo tu, wengine wote watakuja kukutafuta. Ikawa ajabu kwamba mtu ambaye sikuweza kumwambia chumvi imeisha, niliweza kukaa naye saa mbili tukizungumza.

Nilimsimulia dereva tukiwa njiani. Akauliza kama anaweza kuja. Alifika Jumamosi na tikitimaji kubwa kutoka shamba lake na flashi mpya aliyomchagulia Baba, zote nyimbo zenye besi nzito. Wale wawili walisalimiana, wakakaa mchana mzima, na nikihesabu vizuri hawakuzidi sentensi kumi. Dereva akiondoka, Baba alimsindikiza hadi barabarani. Ni heshima ambayo sijamwona akiwapa wageni wengi.

Baadaye tulimpatia vifaa vya masikio vya kumsaidia kusikia. Siku alipovivaa alishangaa kuku, akashangaa mabati, akasema sauti yangu inafanana na ya nyanya yangu. Nilifurahi sana. Nikamwekea wimbo aupendao zaidi ili mwishowe ausikie wote. Alisikiliza hadi katikati, akavivua, akaviweka kwenye sahani.

"Kuna watu wengi sana huko juu," akasema, akarudisha kiganja mezani.

Sasa anavivaa kanisani na tukiwa tunaongea. Kwa muziki anavivua. Mwanzoni niliumia kidogo, halafu nikazoea, maana kazi yangu ya kumweleza tarumbeta sikutaka kuipoteza.

Nilichohofia zaidi ni kanisa, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa hadi leo. Na kweli mchana mmoja walikuja wazee wenzake wawili kumwona, wakatukuta katikati ya fanki. Niliichukua simu nizime. Baba akatikisa kichwa, akawakaribisha viti, akawaambia hii ndiyo kazi aliyokuwa akifanya akiwa kijana. Nikaenda kutengeneza chai nikiwa na wasiwasi.

Niliporudi, mmoja alikuwa akitazama dirishani kama anayengoja mvua. Yule mwingine alitaka kujua kama ni ile hoteli ya zamani iliyokuwa karibu na soko. Baba akasema ndiyo. Mzee akachukua kikombe chake, akasema aliwahi kusimama nje ya dirisha la hoteli hiyo Jumapili kadhaa, akisikiliza, kwa sababu hakuwa na viatu vya kuingilia.

"Ungeingia tu," Baba akamwambia.

"Sikujua."

Yule aliyekuwa akitazama dirishani hajarudi siku za Jumamosi. Huyu wa viatu huja karibu kila wiki, na masikio yake ni mazima, kwa hivyo ananisaidia kueleza ya juu. Jumamosi iliyopita walibishana kuhusu wimbo mmoja wa jazi, kama mpiga besi amekosea au amefanya makusudi. Walinigeukia mimi niamue. Nikasema sijui, tuurudie.