Darasa Lililoingia Uani kwa Matusi

Chuo chetu kilizaliwa Mahajanga, mtaa wa Tanambao, ndani ya ghala lililokuwa bado linanuka kamba wakavu. Kikaota vyumba, kikaota karakana, kisha kikavuka maji kuja kisiwani kwetu Nosy Be. Kilipofika kijijini kwetu Andilana kilikuwa mwalimu mmoja, ubao na mabenchi, kwenye baraza la duka. Mimi nilisomea mashine za boti. Dada yangu alisomea ushonaji, mtoto mgongoni, na kila kitoto kilipolia mshono ulikwenda upande.

Mwenye duka akalitaka baraza lake auzie watalii bia. Mwalimu akatuambia wazi: tukikosa mahali kabla ya mvua, darasa linarudi Mahajanga. Sisi wengine tungelifuata huko. Dada, na mtoto wa kunyonya, asingeweza. Masomo yake yangeishia kwenye gauni lisilo na mikono.

Jirani palikuwa na ua mpana wenye paa, wa mjane ambaye marehemu mumewe aliutumia kuundia mashua. Ulikaa bure. Mwalimu alikwenda kuuomba, shati limenyooshwa, kofia mkononi, akiinama na kumwita mama mheshimiwa. Mjane akamjibu, "Sina ua wa kugawa," akafunga mlango. Akarudi tena na heshima zaidi. Mlango ukafungwa kwa kishindo zaidi.

Siku moja tukila, mwalimu akataja ukoo wa mama yake. Nikaacha kutafuna.

"Mwalimu, ukoo huo na wa yule mama si ziva?"

Ziva ni watani. Hutukanana hata msibani, huchukuliana vitu, na ni mwiko kukasirika.

"Ni ziva," akasema, akitazama sahani. "Lakini mimi nawakilisha chuo."

"Ndiyo maana anakufungia. Unamfanya mgeni."

"Sasa nikamtukane mjane?"

"Kwa niaba ya chuo, mwalimu."

Kesho yake asubuhi tulimfuata tumebeba mabenchi. Akasimama langoni, akakohoa, akasema kwa sauti ile ile ya imla, "Wewe mwizi wa ndizi, binti wa mwizi wa ndizi. Nimekuja kuchukua ua wangu."

Matusi yalikuwa ya Kimalagasi. Kwa Kiswahili yamepungua chumvi kidogo. Hata hivyo lilikuwa tusi la darasa la kwanza, nikamwonea haya.

Mjane akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kumbe una mdomo. Siku zote nilidhani wananiletea shati lililotundikwa msumarini."

"Ua wenyewe umejengwa kwa mbao mlizotuibia."

"Na hiyo shingo umemwazima bata gani? Mrudishie, anahangaika."

"Bata mwenyewe mlimla nyinyi, na manyoya yake."

Hapo nikaanza kumheshimu mwalimu. Mjane alicheka hadi akajishika kiunoni, nasi tukaingiza mabenchi bila kuomba ruhusa, maana kuomba kungeharibu kila kitu.

Tulipokaa, akapita katikati yetu kama mkaguzi, akasimama kwa dada. "Mmechukua ua wangu. Nami nachukua changu." Akafungua mbeleko, akamtwaa mtoto.

Dada akamtazama mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi, mtaalamu.

"Ni haki yake," nikasema.

Akaenda naye jikoni, akimrudisha wakati wa kunyonya tu. Siku ile dada alishona mkono mzima wa gauni, umenyooka kama barabara ya serikali.

Sasa ua una kuta, karakana ya mashine na kibao cha chuo. Dada ana cheti na cherehani. Mtoto anatembea, na jioni hatujui atalala nyumba ipi. Mwalimu huingia kila asubuhi na tusi jipya. Mengine huyajaribu kwangu kwanza. Juzi walikuja wakubwa kutoka Mahajanga. Akajisahau mbele yao, akamwinamia mjane, akamwita mama mheshimiwa.

Lango likafungwa. Wakubwa wakasimama juani na mikoba yao mpaka mwalimu alipovua kofia na kumtukana sawasawa.