Lazaro wa Gorong'a

Mokami alikuwa mkulima wa ulezi pale Gorong'a, mtu asiyesema uongo, na hilo ndilo lililomponza. Wakurya hutaka kijana asimame kama nguzo mbele ya kisu cha tohara. Alipoulizwa kama siku yake alipepesa jicho, alijibu kuwa ndiyo, mara moja. Wenzake waliopepesa walikana, wakaoa. Shauri lao na Mungu wao. Yeye alikiri, na Mzee Kisyeri akamnyima binti yake, Nyangi.

"Kope nyepesi haziingii katika ukoo wangu," alisema mzee.

Pasaka ya mwaka 1956, Mwalimu Joram wa shule ya misheni aliandaa mchezo wa Lazaro. Yeye mwenyewe akawa Yesu. Mokami akawa maiti.

"Maiti hatikisiki mpaka aitwe kwa jina," Joram alimwonya.

"Sitatikisika, Mwalimu."

Kaburi lilikuwa kibanda cha nyasi kilichoachwa wazi upande wa watu. Hata Kisyeri, ambaye hakuwa amebatizwa, alikuja na kigoda chake akaketi mbele kabisa. Hakuna aliyekuwa amekagua ardhi. Mchezo ulipopamba moto, siafu walitoka chini ya nyasi, wakapanda miguu ya Lazaro, wakapotelea ndani ya sanda, wakaibukia shingoni. Mokami alitulia kama jiwe la kusagia.

Joram alifika kaburini, akanyoosha mkono, akafungua kinywa. Kumbe siafu walikwisha kuingia kwenye kanzu. Yesu alitoa mlio wa beberu, akaikunja kanzu hadi kiunoni, akakimbilia mtoni. Martha na Maria walicheka hadi wakakaa chini, msiba wameusahau.

Lakini Lazaro hakuwa ameitwa. Akabaki amekufa.

"Amka wewe, Yesu ameshakimbia," watu walimwambia.

Nyangi alimvuta baba yake mkono. "Tata, angalia macho yake."

Kisyeri aliinama. Siafu watatu walikuwa wameng'ang'ania kope, na kope haikucheza. Mzee aliuliza maiti huyo anaitwa nani, kisha akagonga fimbo chini.

"Lazaro, toka. Toka, mkwe wangu, watakumaliza."

Lazaro alitoka mbio, asisimame mpaka mtoni, ambako Yesu alikuwa bado akijikung'uta.

Walioana baada ya mavuno. Siku ya harusi mtu alimuuliza Mokami kama siafu wale walimuuma kweli.

"Sana," alijibu. "Na nililia, ila kwa ndani."

Kisyeri alisikia, akamwongezea pombe ya ulezi.