Hendibreki Niliyosema Nimeisahau

Najua utasema msiba umenichanganya. Sema tu. Wenzangu wa Kariakoo wameshasema, na wengine wanashusha sauti nikipita. Lakini haya ninayokusimulia yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijagusa hata bia moja. Nikikudanganya napata nini? Uongo wangu ulikuwa mmoja, nitakwambia sasa hivi, na ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Mimi ni mtu wa mapazia. Nina duka Kariakoo, kwenye mtaa mwembamba uliojaa vitambaa na mabegi. Kwetu ni Kilimanjaro, kwa hiyo mtaani hakuna anayejali jina langu. Wote wananiita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchagga mwenye duka. Duka linalotazamana na langu ni la Mzee Awadhi, Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa mjini, anauza udi, manukato na tende. Alikuwa akishinda pale na mkewe, Bi Shamsa, mama mnene mwenye pumu na maneno matamu. Mke wangu alimpenda kama mama yake mzazi.

Sasa sikiliza desturi ya mtaa wetu, maana bila hiyo hutanielewa. Nafasi ya kuegesha hakuna. Tunapanga magari mawili mawili, moja karibu na ukuta, jingine linaliziba. Aliyeziba anaacha gari lake frii, bila gia, hendibreki chini, ili wa ndani akitaka kutoka watu walisukume kando. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, ila kila mtu anaifuata, hata wageni wanafundishwa siku ya kwanza.

Mimi hendibreki yangu niliivuta. Hebu niseme waziwazi, maana sijawahi kusema: niliivuta makusudi. Siku moja kabla walikuwa wamelisukuma gari langu ovyo mpaka bampa likapasuka kwenye nguzo, na hakuna aliyekiri. Nilikasirika sana. Asubuhi iliyofuata nikaliziba gari la Mzee Awadhi, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikafunga milango, nikapanda bajaji kwenda Buguruni kuchukua mapazia kwa fundi cherehani wangu. Nilikwenda nikipiga mluzi. Nilisema moyoni, leo mtanitambua.

Bi Shamsa alibanwa na pumu saa tano. Wakamlaza kwenye gari lao, wakaja kusukuma langu. Halikusogea. Wakaita wabeba mizigo, wakawa watu wanane, wakasukuma, wakalitikisa, wakahesabu moja, mbili, tatu. Utaniuliza, kwa nini hawakuchukua bajaji mara moja? Kwa sababu magari ya mtaa ule husogea siku zote, na kila mara walidhani sasa litasogea. Walipokumbuka bajaji, midomo ya yule mama ilikuwa imeshabadilika rangi. Hospitali iko Upanga, si mbali, lakini hakufika.

Niliporudi nilikuta duka la Mzee limefungwa na mtaa mzima unanitazama. Jioni nikaenda msibani na Mama Neema, mke wangu. Mzee alinishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mangi, mbona leo uliivuta?"

"Nilisahau, mzee wangu. Haki ya Mungu, nilisahau."

"Binadamu tunasahau, mwanangu," akasema. "Usijilaumu."

Nilimwapia mtu aliyefiwa, macho makavu. Mke wangu naye nilimwambia hivyo hivyo, na usiku ule alilia akimlilia Bi Shamsa na akinionea huruma mimi.

Zikapita kama wiki sita. Ijumaa moja, saa saba mchana, wanaume wengi wako msikitini na jua limesimama utosini, nilikuwa naondoa gari kwenda Upanga kupima madirisha ya mteja. Mwanamke mmoja aliyevaa ninja, macho tu yanaonekana, akagonga kioo. "Mangi, unaelekea Upanga? Nisogeze." Nikamfungulia. Kuna ajabu gani? Kariakoo nzima inaniita Mangi. Akaketi nyuma.

Viti vyangu bado vilikuwa na nailoni, sikuwahi kuzitoa tangu niliponunua gari. Mtu akikaa, nailoni inalia. Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba mara ile haikulia.

 Njiani nilisikia pumzi zake tu, zina kamluzi kembamba kila akivuta, na harufu ya udi ikajaa ndani. Foleni ilikuwa mbaya, nikasema kwa mazoea, "Pole mama, nitajitahidi tuwahi."

"Usijitahidi," akajibu. "Mimi sina haraka tena."

Niamini. Ile sauti niliijua. Sikuthubutu kutazama kwenye kioo. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Tulipokaribia hospitali akasema, "Hapa hapa." Nikasimamisha gari. Hakushuka.

"Siku ile, Mangi. Uliivuta, au ulisahau?"

Nakuuliza wewe: kwa nini sikusema? Alikuwa ananipa nafasi. Hakukuwa na ugomvi katika sauti yake hata kidogo, ilikuwa ile ile aliyokuwa akimwulizia mke wangu habari za Neema, binti yetu anayesoma bweni. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea.

"Nilisahau, bibi," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu. "Haya. Basi utasahau."

Nikasikia meno ya hendibreki, kra, kra, kra. Nikatazama chini. Iko juu mpaka mwisho, na mkono wa kuivuta haupo. Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu, milango imefungwa kwa ndani, na nailoni ya kiti haina mkunjo hata mmoja. Nilikaa pale mpaka wenye magari nyuma yangu wakaanza kunitukana.

Tangu siku hiyo nikaanza kusahau. Usidhani nasema usahaulifu wa kawaida wa mtu mwenye mambo mengi. Naliacha gari hendibreki ikiwa chini, nikirudi naikuta juu. Nikishaketi na kuwasha, habari nzima ya hendibreki inafutika kichwani, kama kitu ambacho sijawahi kukisikia duniani. Naondoka nayo. Gari linakuwa zito, linanuka kuungua, nami wala sishtuki. Taa yake kwenye dashibodi ilishakufa siku nyingi. Fundi wangu wa Ilala alibadilisha breki za nyuma mara tatu mpaka akachoka na mimi. "Bosi, unaendesha na hendibreki juu," alinifokea. "Siku moja magurudumu ya nyuma yatajam barabarani, utajuta." Nikaitikia, nikamshukuru, nikapanda, nikaondoka na hendibreki juu. Alibaki ameshika kiuno.

Aliyekuwa akiniokoa ni Mama Neema. Kwanza alifunga kitambaa chekundu cha pazia kwenye hendibreki, nikawa nakiona kama pambo tu. Basi akaamua kupanda nami kila asubuhi, hata siku ambazo hakuwa na kazi dukani. Nikiwasha, ananigusa mkono wa kushoto. "Hendibreki, baba." Naishusha, tunaondoka. Alikuwa akiwaambia majirani kwa kicheko, "Wenzangu mmeolewa muwe wake, mimi nimeolewa niwe kondakta." Mara ngapi nilitaka kumwambia ukweli? Kila asubuhi, pale pale alipokuwa akinigusa. Niliogopa asije akanitazama kwa jicho jingine, kwa vile alivyompenda yule mama.

Jumapili moja tunajiandaa kwenda kanisani, akaanguka bafuni. Alikuwa na presha. Nilimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu haviendi, sauti haitoki. Nikambeba, nikamlaza kiti cha nyuma, nikawasha gari. Safari hiyo hapakuwa na mtu wa kunigusa mkono, na mimi sikujua kwamba kuna kitu kimepungua.

Nilikanyaga mafuta. Gari likaguna, nikaongeza mafuta. Tumetoka nyumbani Ilala, tunaelekea hospitali Upanga, mara nikahisi kitu kinaparaza mkono wangu wa kushoto. Alikuwa yeye. Alikuwa ameunyoosha ule mkono wake mzima katikati ya viti, anahangaika kukifikia kile kitambaa chekundu. Macho yamemtoka, kooni inatoka sauti isiyo na neno. Nami nikadhani anaogopa kufa! Nikaukamata mkono, nikaubusu, nikaurudisha kifuani pake. "Tulia mama, tunafika." Akaunyoosha tena. Nikaurudisha tena. Mara tatu alinikumbusha, mara tatu niliurudisha mkono wake kwa mapenzi, na baada ya hapo hakuunyoosha tena.

Moshi ulipoanza kuingia ndani, magurudumu ya nyuma yakajam, gari likasimama katikati ya barabara. Wapita njia wakaja mbio kusukuma. Wakasukuma, halikusogea. Mmoja akachungulia dirishani akapiga kelele, "Bosi, hendibreki!" Nikaitazama kama ndiyo kwanza naiona. Nikaishusha, haikusaidia, breki zilikuwa zimeshaungua na kugandana. Na unajua nilifanya nini? Nikawaambia waendelee kusukuma. Mimi, niliyejua kuliko mtu yeyote mjini kinachotokea watu wakipoteza muda hivyo, nilisimama pale nikisema sukumeni jamani, sasa litakwenda. Tulipompakia kwenye bajaji alikuwa anapumua kwa mbali. Alikata roho kabla hatujafika getini, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na mle ndani ya bajaji kulikuwa na harufu ya udi.

Kabla ya kumsafirisha kwenda kumzika nyumbani, Mzee Awadhi alikuja kunipa pole. Akaniuliza, "Ilikuwaje, Mangi?"

"Nilisahau hendibreki, mzee."

Mara hii ilikuwa kweli tupu. Akanishika mkono vile vile kama siku ile, akasema, "Binadamu tunasahau, mwanangu. Usijilaumu." Nililia mpaka wakanitoa nje kunipepea.

Gari nimeliuza vyuma chakavu. Sasa natembea kwa miguu kutoka Ilala mpaka dukani. Neema akipiga simu ananiuliza mama yake alisema nini mwisho, namjibu hakuweza kusema. Habari ya mkono sijamwambia, na sijui nitamwambiaje mtoto jambo kama lile.

Utasema, si uende kwa Mzee ukatubu, yaishe? Ndugu yangu, nakwenda. Kila siku nakwenda. Nikiwa mbali naye nakumbuka yote, kama hivi ninavyokusimulia. Ni hatua kumi kutoka mlango wangu hadi wake. Natoka nimeyashika maneno: mzee, niliivuta makusudi, nisamehe. Nikifika katikati ya mtaa yanaanza kunitoka, na nikisimama mbele yake sijui tena nimefuata nini. Naona mzee mpweke kwenye kiti cha plastiki, kiti cha pembeni yake kitupu. "Shikamoo mzee," nasema. "Marahaba, Mangi," ananijibu, na ananimegea tende. Nakula, narudi dukani, nikikaa tu nakumbuka, nashika kichwa. Nilijaribu kuandika kwenye karatasi. Nikafika pale sijui tena ni karatasi ya nini, nikafungia tende alizonimegea, nikarudi nayo dukani.

Kwa hiyo nakwambia wewe, maana kwako ulimi bado unafunguka. Kama kuna mtu ulimwambia umesahau, na moyoni unajua hukusahau, usilale nalo. Inuka uende kwake leo hii, wakati bado unakumbuka unachokwenda kumwambia.